Maji na molekuli za uhai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa nini maelezo ya kemia ya viumbe hai yaanze na maji, wakati yanayotajwa zaidi ni protini, wanga na mafuta?

Kwa sababu molekuli hizo zote hujengwa, hukunjwa na kuvunjwa ndani ya maji, na mara nyingi kwa kuyatumia maji yenyewe. Takriban asilimia 60 ya uzito wa mtu mzima ni maji, na kwa mtoto mchanga kiwango hicho hukaribia asilimia 75. Ukitaja elementi nne tu, yaani oksijeni, kaboni, haidrojeni na nitrojeni, umekwisha kutaja kama asilimia 96 ya uzito wa mwili. Kinachobaki ni kalsiamu, fosforasi, potasiamu, salfa, sodiamu na nyingine za kiasi kidogo zaidi. Vitabu vingi vya shule huyaweka maji katika sura ya kwanza kisha huyaacha huko, kana kwamba ni chombo tu ambamo kemia halisi hufanyika. Majibu yanayofuata yanashikilia mtazamo mwingine: ukijua jinsi molekuli fulani inavyohusiana na maji, umekwisha kuelewa sehemu kubwa ya kazi yake mwilini.

Molekuli ya maji ina umbo gani, na umbo hilo lina umuhimu gani?

Molekuli moja ya maji ina atomu moja ya oksijeni iliyoungana na atomu mbili za haidrojeni, na atomu hizo tatu hazikai katika mstari ulionyooka bali hufanya pembe ya nyuzi 104.5. Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko haidrojeni, hivyo upande wake huwa na chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni huwa na chaji chanya kidogo. Kama molekuli ingekuwa imenyooka, mivuto hiyo miwili ingefutana. Kwa kuwa imepinda, inabaki na ncha mbili zenye chaji tofauti. Ncha chanya ya molekuli moja huvutwa na ncha hasi ya jirani yake, na mvuto huo ndio unaoitwa bondi ya haidrojeni.

Bondi moja ya namna hii ni dhaifu, na katika maji hukatika na kuundwa upya mara nyingi mno ndani ya sekunde moja. Hata hivyo, kila molekuli inaweza kushikana na majirani hadi wanne, kwa hiyo jumla ya mivuto hiyo ni kubwa. Methani, ambayo molekuli yake ina uzito unaokaribiana na ule wa maji, huchemka kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri, ilhali maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Ncha hizo mbili ndizo pia zinazoyawezesha maji kuzitenganisha ioni za chumvi, yaani chembe zake zenye chaji, na kuzizingira moja moja, jambo ambalo damu, utomvu wa mimea na mkojo vyote hulitegemea.

Jasho hupoozaje mwili, na kwa nini joto la Dar es Salaam huchosha kuliko la Dodoma?

Ili molekuli ya maji itoke kwenye ngozi na kuwa mvuke ni lazima ikate bondi zake zote na majirani, na nishati ya kuzikata hutolewa na ngozi yenyewe. Katika joto la mwili, kila gramu moja ya jasho inayovukizwa huondoka na jouli 2,400 hivi, kiasi ambacho ni kikubwa kuliko kwa vimiminika vingi tunavyovifahamu. Sharti ni kwamba jasho livukizwe. Jasho linalodondoka chini halijapooza kitu, limeupotezea mwili maji na chumvi tu. Katika pwani, ambako hewa tayari imebeba mvuke mwingi, jasho huvukizwa polepole. Katika hewa kavu ya Dodoma hukauka kabla mtu hajaliona, naye hupoa vizuri lakini anaweza kupungukiwa na maji bila kutambua.

Barafu kuelea juu ya maji kunatuhusu nini sisi wa nchi za joto?

Kwa maziwa yetu, hakutuhusu sana. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, haligandi. Katika nchi za baridi jambo hili ni la kufa na kupona kwa samaki, kwa sababu bondi za haidrojeni hupanga molekuli za barafu kwa nafasi kubwa kuliko zilivyokuwa katika maji, ujazo huongezeka kwa asilimia 9 hivi, na barafu hubaki juu ikiyafunika maji yaliyo chini yasigande.

Mfano wa kwetu upo juu milimani. Lobelia kubwa za Mlima Kenya na Kilimanjaro huishi mahali ambapo mchana huwa na jua kali na karibu kila usiku huganda. Majani yao yamepangwa duara kama bakuli linaloshika maji, na chipukizi changa limo ndani ya bakuli hilo. Usiku tabaka la juu la maji huganda na kutengeneza kifuniko, na kila gramu inayoganda hutoa jouli 334 za joto, hivyo maji ya chini hubaki juu kidogo ya sifuri na chipukizi husalimika hadi jua litakapochomoza.

Kwa nini mafuta hayachanganyiki na maji?

Husemwa mara nyingi kwamba mafuta huyachukia maji, lakini kwa kweli hakuna nguvu inayoyasukuma mbali. Baina ya molekuli hizo upo hata mvuto mdogo. Tatizo ni kwamba minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni haina ncha zenye chaji za kushikana na maji, kwa hiyo molekuli za maji zinazoizunguka hubanwa kujipanga kwa namna chache tu ili zisipoteze bondi zake. Mafuta yakikusanyika pamoja, eneo linalogusana na maji hupungua, na molekuli nyingi za maji hurudia uhuru wake.

Utando wa kila seli umetokana na tabia hii. Fosfolipidi ni molekuli yenye kichwa kilichobeba fosfati, ambacho hushikamana na maji, na mikia miwili ya asidi za mafuta inayoyakwepa. Zikitiwa ndani ya maji, fosfolipidi hujipanga zenyewe katika matabaka mawili, vichwa vikielekea kwenye maji na mikia ikijificha katikati, bila kimeng'enya chochote, yaani protini inayoharakisha mmenyuko, kuzielekeza. Unene wake ni nanomita 5 hivi, lakini ioni za sodiamu na molekuli za glukosi haziwezi kuupita kirahisi; ni lazima zipitishwe na protini maalumu zilizopachikwa humo. Jambo hili litarejea katika swali la maji ya chumvi na sukari.

Mafuta yangu ya nazi yalikuwa kimiminika Dar es Salaam, nikayakuta yameganda Njombe. Je, yameharibika?

Hapana. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi, na asubuhi ya Njombe haifiki huko. Zaidi ya asilimia 80 ya asidi zake za mafuta zimejaa haidrojeni, maana yake minyororo yake imenyooka na hulala sambamba kwa kubanana. Mafuta ya alizeti yana minyororo iliyopinda pale kaboni mbili zinapoungana kwa bondi maradufu, na minyororo iliyopinda haipangiki vizuri, ndiyo maana hubaki kimiminika hata kwenye baridi hiyo. Mawese yako katikati, na wekundu wake ni karoteni, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karoteni haiyeyuki katika maji bali katika mafuta; kwa hiyo anayeunga mchicha au karoti kwa mafuta kidogo hupata faida kuliko anayezichemsha kwa maji matupu.

Je, nundu ya ngamia imejaa maji?

Imejaa mafuta. Ni kweli kwamba gramu moja ya mafuta ikiunguzwa mwilini hutoa zaidi kidogo ya gramu moja ya maji, lakini oksijeni ya kuyaunguza hupatikana kwa kupumua, na pumzi hutoka na mvuke, hivyo faida ya maji hayo hupotea. Nundu ni akiba ya nishati: gramu ya mafuta hutoa kilokalori 9, gramu ya wanga au ya protini 4, tena mafuta huhifadhiwa yakiwa makavu ilhali glikojeni, yaani akiba ya glukosi ya misuli na ya ini, huhifadhiwa pamoja na maji yenye uzito wa karibu mara tatu yake.

Inamaanisha nini kusema kwamba molekuli kubwa hujengwa kwa kutoa maji?

Glukosi ina fomula C₆H₁₂O₆, na fruktosi vilevile. Zikiungana kuwa sukari ya mezani, yaani sukrosi, tungetarajia C₁₂H₂₄O₁₂, lakini kinachopatikana ni C₁₂H₂₂O₁₁, kwa kuwa molekuli moja ya maji imetolewa pale zilipoungana. Hali ni hiyo hiyo kwa asidi amino zinapokuwa protini, kwa gliseroli inapopokea asidi tatu za mafuta, na kwa DNA. Kumeng'enya chakula ni safari ya kurudi: maji huingizwa penye kiungo, na kiungo huachana.

Swali zuri la kuuliza hapa ni kwa nini basi hatuyeyuki, ilhali tumejaa maji. Jibu ni kwamba maji peke yake hufanya kazi hiyo polepole mno. Kiungo cha protini kikiachwa ndani ya maji yasiyo na asidi wala alkali, kwa joto la kawaida la chumbani, kinaweza kudumu mamia ya miaka. Vimeng'enya vya tumbo na utumbo hukikata mara moja. Kimeng'enya hakibadilishi mwisho wa mmenyuko, hubadilisha kasi tu, lakini kwa kiumbe hai kasi ndiyo kila kitu.

Wanga na nyasi vyote vimetokana na glukosi. Kwa nini tunashiba ugali lakini hatushibi majani?

Tofauti ipo kwenye namna glukosi moja inavyoungana na nyingine. Katika wanga, viungo huelekea upande mmoja na mnyororo hujipinda kama ngazi ya mzunguko, hivyo maji na vimeng'enya hupata pa kuingilia. Katika selulosi, kila glukosi imegeuzwa juu chini ikilinganishwa na jirani yake, mnyororo hunyooka, na minyororo mingi hulala pamoja ikishikana kwa bondi za haidrojeni kiasi kwamba maji hayapati nafasi. Amilesi ya mate yetu inatambua umbo la kwanza pekee. Ng'ombe naye hana kimeng'enya cha selulosi. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu vya tumbo lake la kwanza, na mchwa wa vichuguu wengi wa Afrika Mashariki huiachia kuvu wanayoikuza wenyewe ndani ya kichuguu.

Mtu anaweza kuthibitisha kazi ya amilesi bila maabara: atafune tonge la ugali kwa muda mrefu bila kumeza, na utamu utajitokeza. Kusonga ugali nako ni kemia, kwa kuwa chembe za wanga wa mahindi zikifikia nyuzi 62 hadi 72 ndani ya maji hufyonza maji, huvimba na kufunguka. Ugali uliolala, yaani kiporo, huwa mgumu si kwa sababu ya kukauka tu. Baadhi ya minyororo ya wanga imejipanga upya kwa kubanana, na sehemu hiyo hufika kwenye utumbo mpana bila kumeng'enywa.

Kwa nini maziwa mabichi huwasumbua watu wazima wengine, na wengine hayawasumbui?

Sukari ya maziwa, laktosi, ni lazima ikatwe na kimeng'enya laktesi kwenye utumbo mwembamba. Kwa wanadamu walio wengi kimeng'enya hicho hupungua baada ya utoto. Laktosi isiyokatwa huvuta maji kuingia utumboni, kisha bakteria huichachusha na kutoa gesi, ndipo tumbo hujaa na kuharisha. Mwaka 2007 timu iliyoongozwa na Sarah Tishkoff ilionyesha kwamba miongoni mwa wafugaji wa Tanzania na Kenya yapo mabadiliko ya herufi moja ya DNA yanayoifanya laktesi iendelee kutengenezwa ukubwani, na kwamba mabadiliko hayo ni tofauti na yale ya watu wa Ulaya ingawa matokeo yake ni yale yale. Asiye nayo mara nyingi huvumilia maziwa ya mgando, kwa kuwa bakteria wamekwisha kuitumia sehemu ya laktosi.

Je, maharage yanaweza kuchukua nafasi ya nyama?

Kwa kiasi kikubwa yanaweza, yakiliwa pamoja na nafaka. Mwili hutumia aina 20 za asidi amino kujenga protini zake, na 9 kati ya hizo hauwezi kuzitengeneza. Mahindi yana upungufu wa lisini na triptofani. Maharage yana lisini ya kutosha lakini yamepungukiwa na methionini. Makande, ambayo majirani zetu wa Kenya huyaita githeri, huziba mapengo ya pande zote mbili. Walioyapika kwa vizazi vingi hawakuhitaji kusubiri kemia iwaidhinishe.

Ni nini hasa kinachobadilika yai linapochemshwa au maziwa yanapoganda?

Si viungo vya asidi amino, hivyo hubaki. Kinachobadilika ni mkunjo. Protini iliyo ndani ya maji hujikunja ili asidi amino zake zinazokwepa maji zijifiche ndani na zile zinazopenda maji zikae nje. Kuanzia nyuzi 62 hivi, mtikisiko wa joto hufungua mikunjo ya ute wa yai, sehemu zilizojificha hujitokeza, na molekuli jirani hunaswa pamoja kuwa wavu mweupe. Katika maziwa ya mgando kinachofanya kazi ni asidi ya laktiki: kiwango cha pH kikishuka kukaribia 4.6, chembe za kaseini hupoteza chaji hasi zilizokuwa zikizitenganisha, nazo hushikana.

Badiliko la asidi amino moja linawezaje kusababisha selimundu?

Hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa mtu mzima ina minyororo minne yenye jumla ya asidi amino 574. Katika mnyororo wa beta, nafasi ya sita kwa kawaida hukaliwa na asidi ya glutamiki, ambayo ina chaji na hukaa vizuri ikigusana na maji. Kwa mwenye hemoglobini ya selimundu, nafasi hiyo imechukuliwa na valini, ambayo huyakwepa maji. Hemoglobini inapoachia oksijeni, kishimo chenye kukwepa maji hufunguka kwenye molekuli jirani, valini huingia humo, na molekuli huungana moja baada ya nyingine hadi kuwa nyuzi ndefu zinazoipinda seli nyekundu ya damu. Ni tabia ile ile iliyoelezwa kwenye swali la mafuta, ila safari hii imetokea mahali isipotakiwa.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hutembea tofauti kwenye uwanja wa umeme, wakauita ugonjwa huu ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alibainisha kwamba tofauti yote ni ya asidi amino moja. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba mtu aliyerithi vinasaba hivi kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na hiyo ndiyo sababu vimeenea sana katika maeneo ya malaria. Ushauri wa wauguzi kwa wagonjwa kunywa maji mengi una msingi wa kemia: seli nyekundu ikipungukiwa na maji, hemoglobini ndani yake hukolea, na nyuzi huundwa kwa haraka zaidi.

Kiwango cha pH ni nini, na je, maji ya alkali yanayouzwa kwenye chupa hubadilisha damu?

Kiwango cha pH hupima wingi wa ioni za haidrojeni, na kila hatua moja ni tofauti ya mara 10: pH 6 ina ioni hizo mara 10 kuliko pH 7. Damu hushikiliwa kati ya 7.35 na 7.45 na mfumo wa bikaboneti, mapafu yakitoa kaboni dayoksaidi na figo zikirekebisha kilichobaki. Maji ya alkali hukutana kwanza na asidi ya tumbo yenye pH ya kati ya 1.5 na 3.5, na safari yake ya kemia huishia hapo. Anayeyapenda ayanywe kwa kukata kiu, lakini asilipie zaidi kwa kudhani yanasafisha damu.

Alkali halisi iko kwenye Ziwa Magadi, Kenya, ambako maji yana pH ya karibu 10. Samaki wengi hutoa taka za nitrojeni kama amonia kupitia matamvua, lakini katika maji ya namna hiyo amonia haitoki kwa urahisi. Perege wadogo wanaoishi humo huigeuza yote kuwa urea, kama tufanyavyo sisi, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa samaki wa mifupa. Magadi yanayotiwa kwenye sufuria ya makande hufanya kazi kwa alkali hiyo hiyo, yakilegeza pektini inayoshikanisha seli za mbegu. Hasara yake ni kwamba huharibu baadhi ya vitamini, hasa vitamini B1.

Kwa nini muhogo mchungu una sumu, na kwa nini kuutwanga au kuuloweka huiondoa?

Hili ni swali linalostahili jibu refu, kwa sababu linahusu afya na kwa sababu karibu kila molekuli iliyotajwa hapo juu ina nafasi yake humo. Muhogo hauna sianidi iliyo huru. Una linamarini, ambayo ni glukosi iliyofungwa na kundi lenye sianidi, na huhifadhiwa ndani ya kifuko cha seli. Kimeng'enya chenye uwezo wa kuikata, linamaresi, kiko nje, kwenye ukuta wa seli. Kati yao kuna utando wa fosfolipidi, na utando ukiwa mzima hakuna kinachotokea.

Panya akiutafuna mzizi, au mtu akiukuna, utando hupasuka, kimeng'enya hukutana na linamarini, maji huingizwa kwenye kiungo, na glukosi huachiliwa upande mmoja. Kilichobaki upande wa pili huvunjika chenyewe kuwa asetoni na haidrojeni sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi na kwa hiyo hutoroka hewani siku ya joto. Kwa mmea hiyo ni silaha. Kwa mpishi ni njia ya kuiondoa sumu, mradi imalizike kabla ya kula. Ndiyo maana kisamvu hutwangwa kwanza ndipo kikachemshwa. Anayetumbukiza vipande vikubwa vya muhogo mchungu moja kwa moja kwenye maji yanayochemka huua kimeng'enya mapema, na linamarini, ambayo huvumilia joto, hubaki ndani. Vivyo hivyo vipande vikubwa vilivyoanikwa juani bila kulowekwa huhifadhi sumu zaidi kuliko muhogo uliovundikwa au kukunwa.

Njia za mkato huchukuliwa hasa wakati wa ukame na njaa, na ni wakati huo huo mmea huongeza linamarini. Matokeo yake mabaya zaidi ni konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla ambao hauponi, ulioelezwa kitaalamu huko Kwango, Kongo, mwaka 1938, na uliozuka Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985. Mwili huiondoa sianidi kwa kuifunga na salfa, ambayo huitoa kwenye asidi amino zenye salfa. Anayekula muhogo mtupu bila maharage, samaki wala dagaa hana akiba hiyo. Kwa unga uliokwisha kusagwa iko njia rahisi iliyofanyiwa majaribio: uchanganye na maji, uutandaze kwa tabaka jembamba, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha uupike siku hiyo hiyo. Kimeng'enya kilichobaki ndani ya unga hufufuliwa na maji na kumaliza kazi.

Mtu anayeharisha hupewa maji yenye chumvi. Sukari ni ya nini?

Sukari si ya kuongeza ladha, wala si ya kumpa mgonjwa nguvu, ingawa watu wengi hudhani hivyo. Kwenye utando wa seli za utumbo mwembamba kuna protini inayoingiza ioni mbili za sodiamu pamoja na molekuli moja ya glukosi kwa wakati mmoja, na pasipo glukosi mlango huo haufunguki. Sodiamu na glukosi zikiingia, maji huzifuata kwa osmosisi. Kipindupindu huvuruga njia nyingine nyingi za utumbo, lakini hii hubaki ikifanya kazi. Robert Crane aliieleza mwaka 1960, na mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliitumia kuokoa wakimbizi wa vita vya Bangladeshi katika kambi ya Bangaon, India, dripu zilipokaribia kuisha.

Mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu miaka ya mwanzo ya 2000 una milimoli 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi kwa lita. Paketi ya dawa ya kurudisha maji mwilini ndiyo bora. Ikikosekana, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 6 vya chai vya sukari, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita 1 ya maji safi. Kuzidisha sukari ni hatari, kwa maana sukari isiyofyonzwa huvuta maji kurudi utumboni na kuharisha huongezeka. Mtoto mwenye macho yaliyodidimia, aliyelegea au asiyeweza kunywa apelekwe kituo cha afya mara moja.

DNA husomwa kutoka kwenye mifupa ya kale. Kwa nini basi hatuna DNA ya mafuvu ya Olduvai?

DNA ni minyororo miwili iliyosokotana, inayoshikana kwa bondi za haidrojeni: mbili baina ya adenini na thimini, tatu baina ya guanini na sitosini. Muundo huo ulielezwa na James Watson na Francis Crick mwaka 1953, kwa kutegemea sana picha za eksirei za Rosalind Franklin na kazi ya Maurice Wilkins. Besi zake hupangika ndani, mbali na maji, na fosfati zenye chaji hubaki nje. Katika seli iliyo hai, vimeng'enya hurekebisha uharibifu kila siku. Kiumbe akifa, marekebisho hukoma, lakini maji huendelea kukata viungo na kung'oa besi, na kila joto linapopanda kazi hiyo huenda kwa kasi.

Kwa hiyo kinachoamua ni joto na unyevu kuliko miaka yenyewe. Ardhi iliyoganda daima ya Siberia imehifadhi DNA ya tembo wa kale kwa zaidi ya miaka milioni 1, ilhali DNA ya binadamu wa kale iliyosomwa kutoka mashariki na kusini-kati mwa Afrika, ikiwemo ya Tanzania, imefikia miaka 18,000 hivi. Fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959 lina umri wa takriban miaka milioni 1.75, na kwa muda wote huo limekaa katika udongo wa kitropiki.